Majibu kwa Wasomaji: Kibao cha Askari Aliyeuawa Kazini

SWALI: Kaka yetu alikuwa polisi, akauawa akiwa kazini. Wenzake wamechanga pesa wamwekee kibao cha kumbukumbu kwenye ukuta wa nje wa kituo, na sisi familia tumeombwa maneno. Tuandike nini? Na fundi tumwambieje ili kibao kidumu?

JIBU: Poleni sana. Anzeni na jina, maana makosa mengi hutokea hapo. Jina lililo kwenye faili la kazi na lile la nyumbani huweza kupishana herufi moja tu. Linganisheni kitambulisho chake na rekodi ya kituo, kisha mjane au wazazi waseme neno la mwisho. Kama alipandishwa cheo baada ya kufa, andikeni cheo hicho, lakini barua ya kumpandisha iwe mkononi kwanza. Namba yake ya askari msiiache, kwani majina hufanana.

Tarehe nayo ina mtego. Askari akipigwa risasi leo akafia hospitalini baada ya siku nne, tarehe ni mbili. Andikeni ile aliyofariki. Kibao kikiwekwa mahali palepale aliposhambuliwa, wekeni zote mbili. “Aliuawa akitekeleza wajibu wake” yatosha. Msitaje mshtakiwa, hasa kesi ikiwa bado mahakamani, kwa sababu hukumu ikigeuka, jiwe halifutiki. Konstebo Yvonne Fletcher, aliyeuawa kwa risasi London tarehe 17 Aprili 1984, jiwe lake linasema tu kwamba hapa alianguka, kisha cheo, jina na tarehe. Hakuna kinachopungua.

Kwa ukuta wa nje chagueni granaiti. Marumaru hulika taratibu kwa mvua, herufi zikafifia. Herufi zichongwe ndani ya jiwe, zisipakwe rangi juu juu. Zenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka bila taabu mtu akiwa mita 3. Misumari ya kushikilia iwe ya chuma kisichoshika kutu. Hapa fundi asibane matumizi: chuma cha kawaida kikipata kutu huvimba ndani ya tundu na kulipasua jiwe kuanzia pembeni. Kabla hajagusa jiwe, achapishe maandishi yote kwenye karatasi ya ukubwa uleule, na watu wawili wa familia wayasome herufi kwa herufi, kisha watie sahihi.

Kusafisha ni maji, sabuni laini na brashi laini. Brashi ya waya huacha chembe za chuma zinazogeuka madoa ya kutu.

SWALI: Mimi ni mkuu wa kituo. Siku ya kumkumbuka mwenzetu, kila mwaka askari hubishana kuhusu bendera, na ratiba huvurugika. Utaratibu sahihi ni upi?

JIBU: Bendera ipandishwe kwanza hadi kileleni, itulie kidogo, ndipo ishushwe polepole hadi nusu mlingoti. Wakati wa kuiteremsha, irudishwe kileleni kwanza, kisha ishushwe yote. Wengi huikwamisha njiani moja kwa moja, na hilo ndilo kosa.

Ratiba huvurugika zaidi kwenye dakika ya ukimya, kwa kuwa hakuna anayejua inaanza lini na inaisha lini. Mtu mmoja mwenye saa atoe amri ya kuanza na ya kumaliza, wala asiwe yule anayesoma jina. Redio za mkononi zizimwe, isipokuwa ya askari wa zamu, naye asimame mbali kidogo. Jina lisomwe pamoja na cheo na namba, na msomaji aulize matamshi kwa familia siku moja kabla.

Mashada ya maua yaanze na familia, ndipo wafuate wakubwa. Baadhi ya vituo hutanguliza mgeni rasmi. Sisi hatukubaliani nalo, maana mjane huachwa amesimama akingoja zamu yake kwenye msiba wake mwenyewe. Tena mjane aulizwe mapema kama anataka kuweka shada mwenyewe au mtoto amsaidie. Wapo wasiotaka kabisa kusimama mbele ya watu, na hao waandaliwe kiti pembeni na askari mmoja wa kukaa nao.