Wasomaji Wanauliza: Ziwa la Mjini Linapogeuka Kijani

SWALI: Wataalamu, salamu kutoka Chumbageni. Ndugu zangu wa Mwanza wanalalamika kwamba maji ya ufukweni pale mjini huwa kijani na kunuka. Sisi Tanga tunakunywa maji ya Bwawa la Mabayani. Mji unapanuka, joto linazidi. Je, nasi tutafika huko? Na mtu wa kawaida anaweza kupima?

JIBU: Joto peke yake haligeuzi ziwa kijani. Kinachotangulia ni fosforasi, kirutubisho kinachokuza mwani unaoyapa maji rangi ya kijani, itokayo vyooni, kwenye sabuni, mbolea na udongo unaosombwa. Gramu 1 yaweza kulisha takribani gramu 100 za mwani mkavu. Mji ukipanuka, mvua iliyokuwa ikinywewa na ardhi hukuta mabati, saruji na lami, ikateremka mitaroni kwa kasi na kila ilichokikuta njiani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya zaidi, maana hubeba uchafu wa miezi.

Joto huja kukoleza. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Tena maji ya juu yakipata moto huwa mepesi, hayachanganyiki na ya chini, na chini hewa inakwisha. Hapo tope huachia fosforasi liliyokuwa limeishika kwa msaada wa chuma. Ndiyo maana ziwa lenye kina kifupi, ambako tope li karibu na maji ya juu, laweza kubaki kijani miaka mingi hata majitaka yakishazuiwa. Ziwa Washington, kule Seattle, Marekani, lina kina cha zaidi ya mita 60 na lilipona upesi: majitaka yaliondolewa kati ya 1963 na 1968, na upeo wa kuona majini ukatoka mita 1 hivi hadi kama mita 3 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bwawa la kina kifupi lisitegemee bahati hiyo.

Mabayani liko nje ya mji, kwa hiyo hatari yake kubwa iko juu, kwenye Mto Zigi unaoteremka kutoka Usambara Mashariki. Shamba likilimwa hadi ukingoni, udongo unaingia bwawani na fosforasi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Hapo ndipo pa kukazania, kabla ya kufikiria dawa za kusafishia maji.

Kupima jinsi maji yalivyo maangavu kunawezekana. Kata bati la duara lenye upana wa sentimita 20, lipake robo nyeupe na robo nyeusi kwa kupishana, kisha funga uzito chini yake. Kamba ya katani hupungua ikilowa, basi iloweshe kwanza ndipo uitie alama kila sentimita 10. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, lishushe upande wa kivuli wa mtumbwi mpaka lipotee, soma alama. Lipandishe mpaka lionekane, soma tena. Wastani ndio jibu. Kamba ikilala kwa mkondo, kipimo ni cha uongo, ongeza uzito. Rudia palepale kila wiki mbili, kwa miaka. Bwawani omba ruhusa ya mamlaka ya maji kwanza.

Ili ujue kama ni tope au mwani, acha maji kwenye chupa angavu usiku kucha. Tope litazama, mwani wa kijani-buluu, ambao huweza kuwa na sumu, mara nyingi utaelea juu.

SWALI: Nafuga perege Bagamoyo. Bwawa limekuwa kijani kibichi. Nimwage mrututu?

JIBU: Usimwage, tafadhali. Mwani ukifa kwa mkupuo huoza, unamaliza oksijeni, na samaki wanaweza kufa. Ule wenye sumu hupasuka na kuiachia majini, na kuchemsha hakuiondoi. Shaba iliyomo kwenye mrututu nayo hubaki topeni. Punguza chakula, ondoa robo ya maji na ujaze mapya, rudia baada ya siku chache. Ukiwaona perege wanahema juu ya maji alfajiri, siku hiyo usiwalishe kabisa.