Fundi Anajibu: Pedali inazama, dramu inachoma, baiskeli inalia

SWALI: Fundi, nina Probox ninayoshushia mboga kutoka Lushoto hadi Mombo. Nikikaribia chini, pedali ya breki inakuwa laini na kuzama karibu na sakafu. Gari likipumzika nusu saa inarudi kama kawaida. Gereji wameshatoa upepo mara mbili bila mafanikio, sasa wananiambia ninunue masta silinda. Ninunue? — Msomaji, Lushoto

JIBU: Bado. Masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga pedali, ikiwa imechoka ingekusumbua hata kwenye tambarare. Ipime gari likiwa limesimama na injini inawaka: kanyaga breki kwa nguvu ya wastani, shikilia nusu dakika. Pedali ikiendelea kushuka taratibu, na hakuna tone linalovuja kwenye magurudumu wala kwenye mabomba, raba za ndani za masta zimelika. Ikitulia palepale, pesa yako iache mfukoni.

Kwa maelezo yako, mafuta ya breki yanachemka. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na kila yanavyoingiwa na maji ndivyo yanavyochemka mapema. DOT 3 mpya (DOT ni daraja la mafuta ya breki) inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishalowa unyevu, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mteremko mrefu, mzigo nyuma na mguu usiobanduka kwenye breki vinatosha kabisa kufika huko. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Ndiyo maana pedali inazama. Yakipoa mvuke unageuka tena kuwa maji, pedali inapanda, na fundi wa gereji akifungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu) haoni povu lolote. Hajakosea kutoa upepo, ila ameyaacha mafuta yaleyale ya zamani ndani.

Angalizo: kama pedali ingebaki ngumu lakini gari halishiki, huku unasikia harufu ya kuungua, hapo ni pedi (za diski) na shuu (za dramu) zilizozidiwa na joto, siyo mafuta.

Badilisha mafuta yote. Lita moja inatosha kwa gari dogo. Tumia aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki lililo juu ya masta. Kwanza rekebisha shuu za nyuma, kwa sababu shuu zilizo mbali na dramu huifanya pedali iwe ndefu hata kama hakuna upepo. Zungusha nati yenye meno hadi gurudumu lianze kukwaruza, kisha irudishe kidogo tu mpaka lizunguke huru.

Nyonya mafuta machafu kwenye kopo kwa bomba la sindano, ujaze mapya. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta: kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Kitabu cha gari kikitaja mpangilio mwingine, fuata kitabu. Vika nipeli mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Msaidizi akanyage taratibu na ashikilie; fungua nipeli robo mzunguko, mafuta yatoke, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya. Endelea hadi mafuta yatoke masafi bila povu, na kila baada ya mikanyago mitano hivi tazama kopo lisikauke.

Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isigonge sakafu. Kwenye gari la zamani, sehemu ya masta ambayo haifikiwi kila siku huwa na kutu na uchafu. Raba zikisukumwa huko hukwaruzika, na hapo kweli utanunua masta. Mafuta yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji haraka, yanaibabua.

Baada ya hapo badilisha kila miaka miwili. Na mteremkoni ingiza gia nzito kabla hujaanza kushuka. Kwa otomatiki ni 2, L au B kulingana na gari lako. Punguza mwendo kwa kukanyaga vizuri kisha kuachia, usilaze mguu. Siku pedali ikizama njiani, ipige harakaharaka, shusha gia, na uvute breki ya mkono kidogokidogo: yenyewe hutumia waya, haihusiani na mafuta.

SWALI: Mafuta ya breki yamepungua, niongeze oili ya pawa stelingi? — Msomaji, Thika

JIBU: Hapana, hata kijiko. Raba zinavimba na breki zinang'ang'ania. Kama umeshamimina, usikanyage pedali. Kopo lisafishwe kabla oili haijashuka. Ikishashuka, raba zote za mfumo hubadilishwa. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 huchanganyika, DOT 5 ni silikoni, iache. Na mafuta hayapungui bure: ama pedi zimeisha, ama kuna mahali panavuja.

SWALI: Tangu nikaze mnyororo wa boda, dramu ya nyuma inachoma na pikipiki imekuwa nzito. — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ulipovuta gurudumu nyuma, fimbo ya breki ilivutika nalo na shuu zikabana. Legeza nati ya mwisho wa fimbo hadi pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla ya kushika, kisha zungusha gurudumu kwa mkono kuhakikisha liko huru. Angalia pia taa ya breki inawaka kwa wakati.

Kanyaga hadi mwisho: mshale ulio kwenye mkono wa breki ukifika alama ya kifuniko, shuu zimekwisha. Wapo wanaouhamisha mkono jino moja ili kupata siku mbili tatu zaidi. Ujanja huo ni wa hatari, kemu (kipande kinachotanua shuu) inaweza kupinduka na gurudumu likagoma ghafla. Vumbi la ndani usilipulize, lioshe kwa maji na sabuni.

SWALI: Baiskeli ya mtoto yenye breki za raba inapiga kelele mbele. — Msomaji, Kisumu

JIBU: Futa rimu kwa spiriti na piga msasa raba kidogo. Legeza raba kwa ufunguo wa L namba 5, weka kadi ya milimita moja kati ya ncha yake ya nyuma na rimu, bana breki, kaza, toa kadi. Ncha ya mbele sasa itagusa kwanza na mtetemo utaisha. Raba isiguse tairi, italitoboa. Raba iliyolowa oili haifutiki, tupa.