Klorini ilipungua nusu kwa saa 6, mbona haikuisha kwa saa 12?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninatunza maji ya shule moja ya bweni hapa Jinja. Saa moja asubuhi tangi lilikuwa na klorini miligramu 0.8 kwa lita. Saa saba mchana nikakuta 0.4. Nikapiga hesabu kwamba saa moja jioni itakuwa imekwisha. Nilipopima jioni nikakuta 0.2, na hakuna maji yaliyoongezwa. Je, kipimo changu kimeharibika?

JIBU: Marahaba. Kipimo chako ni kizima. Hesabu ndiyo iliyokupoteza.

Uligawa 0.4 kwa saa 6, ukapata 0.067, ukaichukua kuwa kasi ya siku nzima. Lakini klorini ikipungua, kasi nayo hupungua. Katika mmenyuko wa oda ya kwanza, kila saa hupotea sehemu ileile ya kilichopo, si miligramu zilezile. Konstanti ya kasi, k, ndiyo inayotuonyesha ukubwa wa sehemu hiyo, na nusumaisha, yaani muda wa kilichopo kupungua nusu, ni 0.693 ikigawanywa kwa k. Nusumaisha yako ni saa 6, kwa hiyo k ni kama 0.116 kwa saa. Tazama kizio chake: ni "kwa saa" tu, hamna miligramu ndani. Ndiyo maana kutoka 0.8 hadi 0.4, na kutoka 0.4 hadi 0.2, muda ni uleule. Ile 0.067 yako ilikuwa miligramu kwa lita kwa saa. Hicho ni kizio cha oda ya sifuri, ambako kila saa hupotea miligramu zilezile. Mimi hukagua kizio kabla ya kugusa kikokotoo.

Kama nusu ya pili ingechukua saa 12, ningeshuku oda ya pili, ambako nusumaisha hurefuka kadiri dawa inavyopungua.

Usiipeleke 0.116 kwenye tangi jingine. Joto huipandisha k. Jua, majani yaliyooza na chuma navyo hula klorini.

Sasa linalonihangaisha ni watoto. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 0.2 maji yanapomfikia mtumiaji. Jioni ulikuwa ukingoni. Saa nne usiku, kwa k hiyohiyo, ungebaki na 0.14. Ongeza dawa saa moja jioni: kurudi 0.8, kila lita 1,000 zilizobaki zinahitaji gramu 0.6 za klorini, yaani karibu gramu 1 ya unga wa klorini wa asilimia 65. Koroga, subiri nusu saa, upime tena kabla hawajateka.