Kabla ya kukubali roboti kwa ngiri ya kinena, omba mchanganuo wa gharama

Ngiri ya kinena, yaani utumbo au mafuta ya tumboni kujitokeza kwenye sehemu dhaifu ya misuli ya kinena, hurekebishwa kwa njia kuu tatu. Katika upasuaji wa wazi, daktari hupasua sehemu ya kinena na kuweka wavu mahali ambapo misuli imedhoofika. Katika upasuaji wa matundu madogo, kazi hiyo hufanywa kutokea ndani kwa kamera na vifaa vyembamba. Upasuaji wa roboti kimsingi ni huo huo wa matundu madogo, isipokuwa vifaa hushikwa na mikono ya mashine ambayo daktari huiongoza akiwa ameketi kando. Mimi mwenyewe nilielezwa njia zote tatu nilipopata ngiri, na makadirio niliyopewa yalipishana kiasi kwamba nilitaka kujua fedha za ziada zinakwenda wapi.

Sehemu kubwa huenda kwenye mashine. Mfumo wa roboti ya upasuaji uitwao da Vinci, ulioidhinishwa nchini Marekani mwaka 2000, hununuliwa kwa zaidi ya dola milioni moja, na hospitali hulipia matengenezo yake kila mwaka. Vifaa vinavyofungwa kwenye mikono yake vina idadi maalumu ya matumizi inayohesabiwa na mfumo wenyewe, na ikifika ukomo lazima vibadilishwe. Kuna pia muda wa chumba cha upasuaji, kwa kuwa kila dakika inayotumika kuiandaa mashine inamgharimu mtu. Ndiyo maana ninaamini ni haki ya mgonjwa kuuliza iwapo bei aliyotajiwa inajumuisha vifaa hivyo, wavu, dawa za usingizi na kitanda cha wodini, au iwapo ankara nyingine itafuata baadaye.

Ushahidi ulionisaidia zaidi kuamua ni utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Surgery, ambao uliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 102 wa ngiri ya kinena kati ya roboti na upasuaji wa kawaida wa matundu madogo. Kwa kuangalia namba ya katikati ya kila kundi, upasuaji wa roboti ulichukua dakika 75.5 dhidi ya dakika 40.5, na gharama yake ilikuwa dola 3,258 dhidi ya dola 1,421. Watafiti hawakuona nafuu ya ziada kwa wagonjwa wa roboti. Utafiti huo ni mdogo, lakini mtu anayeambiwa kwamba roboti itampunguzia maumivu ya ngiri ya kawaida anastahili kuufahamu kabla ya kutia saini.

Upasuaji wa wazi nao usidharauliwe kwa sababu ni wa zamani. Mbinu ya kuweka wavu bila kuvuta misuli, iliyoenezwa na Irving Lichtenstein wa Los Angeles katika miaka ya 1980, inaweza kufanywa kwa ganzi ya sehemu tu, ilhali njia nyingine mbili kwa kawaida huhitaji nusu kaputi. Hata bei ya wavu si kipimo cha ubora: utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wavu wa bei nafuu wa aina ya chandarua, uliotakaswa kitaalamu, ulifanya kazi vizuri kama ule wa kibiashara. Mimi nilichagua upasuaji wa wazi, kwa kuwa ngiri yangu ilikuwa ya upande mmoja na haikuwahi kurekebishwa.

Mwingine anaweza kuwa na sababu nzuri za kuchagua tofauti. Wanaopasuliwa kwa matundu madogo mara nyingi hurudi kazini mapema, na kwa mtu anayelipwa kwa siku, siku hizo ni sehemu ya gharama. Njia hiyo pia hufaa kwa ngiri za pande zote mbili, au iliyorudi baada ya upasuaji wa wazi. Kwa maoni yangu, hoja ya roboti hupata nguvu zaidi katika ngiri kubwa za ukuta wa tumbo, hasa zinazotokea kwenye mshono wa zamani, ambako kushona kwa ndani ni kazi ngumu na kukwepa jeraha kubwa kunaweza kupunguza siku za wodini. Hata hapo, muulize daktari amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, na nani atalipia iwapo italazimu kubadili njia katikati.

Mwanamume mwenye ngiri ya kinena isiyomsumbua sana kwa kawaida ana muda wa kulinganisha bei, kwa ushauri wa daktari. Kwa wanawake madaktari huhimiza kutokuchelewa. Ngiri ikiwa ngumu, ikauma sana na kukataa kurudi ndani, hasa ikiambatana na kutapika, nenda hospitali saa hiyo hiyo na upokee njia yoyote iliyopo.