Barua kwa mwanangu: jana imekwenda wapi?

Mwanangu mpendwa,

Mimi mzima, sijui wewe. Barua yako imenifika. Unasema unataka kujifunza falsafa lakini kila kitabu ulichofungua kimekushinda ukurasa wa tatu, sasa uanzie wapi?

Anza na swali linalokukera wewe. Ulipokuwa na miaka sita uliniuliza kitandani, "Mama, jana imekwenda wapi?" Nikakwambia lala. Nilichoka, ndiyo, lakini pia sikuwa na jibu. Baadaye sana ndipo nikajua kuwa Agostino, mwanafalsafa wa Kikristo aliyezaliwa Afrika Kaskazini mwaka 354, lilimsumbua hilo hilo: yaliyopita hayapo tena, yajayo hayajafika, sasa tunapopima wakati tunapima nini? Alikiri kwamba anaujua wakati mpaka aulizwe. Kumbe mwenzangu ulishaanza safari, mimi nikakuzimia taa.

Kufikiri kwa makini nako kuna mchezo wake. Mwaka 1960 mwanasaikolojia Peter Wason aliwapa watu namba 2, 4, 6, akasema zinafuata kanuni fulani. Wao watunge tatu tatu zao, yeye awajibu kama zinaifuata, hadi waigundue. Ukijaribu 8, 10, 12, unaambiwa ndiyo. Ukijaribu 20, 22, 24, ndiyo tena. Basi unatangaza kwa kujiamini: zinaongezeka kwa mbili! Sivyo. Kanuni ilikuwa namba zipande tu; hata 1, 2, 50 zingepita. Wengi walikosea mara ya kwanza, na si kwa ujinga. Walikuwa wakitafuta "ndiyo", hawakutunga namba za kuwaumbua.

Mimi pia niliangukia hapo hapo, na nilikasirika (nakwambia wewe tu). Nikakumbuka mdogo wako. Nilikuwa nimeshaamua kuwa hanijali, kwa hiyo kila siku asiyopiga simu niliihesabu. Alizopiga sikuzihesabu.

Kitabu ukikitaka, soma yale mazungumzo mafupi ya Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hasa Euthyphro: Sokrate, mwalimu wake, anamhoji mtu anayedai anajua uchaji ni nini, na wanaachana bila jibu. Usidhani kurasa zimechanika.

Halafu niandikie jambo moja unaloliamini kabisa, na kitu gani kingekufanya uliache. Ile jana yako bado sijui ilikokwenda. Piga simu usiku wowote, safari hii sitakwambia ulale.

Mama yako