Katuni za wafanyakazi wa Marekani: anza na maandishi madogo

Mdogo wangu, unaomba mwongozo wa insha kuhusu katuni za Marekani za karne ya 19, sheria za kazi na kura za wafanyakazi. Usirundike katuni ishirini. Chukua mbili, uzichimbe, ukianza na maandishi madogo yaliyomo ndani ya mchoro.

Ningeanza na ile ya Frank Leslie's, gazeti la picha la Marekani, ya 1882, mwaka ilipopitishwa sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Mchina kaketi nje ya lango la uhuru, mizigo yake imeandikwa "bidii", "amani", "kiasi". Tangazo ukutani linawakaribisha hadi wakomunisti na wahuni, yeye tu ndiye marufuku! Hapo utaeleza jinsi wanasiasa walivyowinda kura za wafanyakazi weupe, hasa California.

Kisha ilinganishe na ya Puck, jarida la katuni za kejeli, Agosti 1883: Ukiritimba na Kazi wamechorwa kama watu wanaopigana. Ukiritimba kavaa deraya, kapanda farasi aliyeundwa kwa garimoshi, Kazi yuko juu ya kifarasi kilichokonda, nyundo yake imeandikwa "mgomo". Ila usikimbilie kusema Puck lilitetea vyama vya wafanyakazi, maana lilivikejeli pia. Jiulize lilimlenga msomaji gani: senti 10 kwa nakala hazikuwa hela ndogo kwa kibarua.