Jibu: Nywele kwenye kofia ya mwizi, Nyalenda

Habari ndugu. Umesema aliyevunja duka lako aliacha kofia yenye nywele tatu, na jirani anakuhakikishia zitamtaja mwizi. Polepole kwanza.

Je, ni nywele za mtu kweli? Rasta za dukani zimejaa Kisumu nzima. Hadubini huzitambua haraka, maana hazina magamba madogo yaliyo juu ya unywele wa mtu. Usijaribu kwa kiberiti, utachoma ushahidi wako mwenyewe!

Halafu mzizi. Nilipokuwa msaidizi wa maabara Nakuru, hilo ndilo tulilotazama mapema. Unywele uliong'oka na nyama ya mzizi unaweza kutoa DNA ya kumtambua mtu. Uliokatika kwa kawaida hutoa ile ya mitokondria tu (sehemu ndogo ndani ya seli), inayotoka kwa mama, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja hufanana. Kulinganisha nywele za watu kwa macho kwenye hadubini siamini: FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitangaza mwaka 2015 kwamba angalau asilimia 90 ya nakala za ushahidi huo wa kortini ilizokagua zilikuwa na kauli zenye makosa.

Tia kofia nzima kwenye bahasha ya karatasi, si nailoni, unyevu huharibu. Andika tarehe, upeleke polisi ulikopewa namba ya OB (kitabu cha matukio). Mimi ningetegemea zaidi jasho la ukingo wa kofia, ambalo nalo linaweza kubeba DNA, kuliko hizo nywele. Watu wangapi wameishika tayari?